Sura ya Saba: Cheti cha Daktari na Paa la Mabati

Ukitaka kujua cheti cha afya kina uzito gani Nairobi, usianzie uwanja wa ndege. Anzia Baba Dogo, saa saba mchana, wafanyakazi wa viwandani wanapomiminika barabarani kutafuta chapati na madondo. Kila anayewapakulia anatakiwa na kanuni za usafi wa chakula awe amepimwa na ana cheti cha kudumu miezi 6. Maafisa wa kaunti wakipita, mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, cheti kiko wapi?"

"Hiki hapa, mkubwa."

Afisa anaangalia picha, muhuri na tarehe. Basi. Maji ya kunawia, kitambaa cha kufutia sahani na kile kidonda cha kidole kilichofungwa kwa plasta havipati jicho la namna hiyo. Na hakuna mkazi wa Eastlands asiyejua kwamba vipo vyeti vilivyopatikana mjini bila mwenyewe kutoa choo wala damu. Aliyepimwa kweli na aliyenunua karatasi wanapanga sufuria zao bega kwa bega, na mteja hana njia ya kuwatofautisha.

Nimeanza kwenye kibanda kwa makusudi, kwa sababu sura hii inahusu marubani. Si marubani wa mashirika ya abiria. Nawazungumzia wale wanaorusha ndege ndogo kwa raha zao: daktari wa meno mwenye sehemu ya Cessna pale uwanja wa ndege wa Wilson, mfugaji wa Laikipia anayekwenda kuangalia mipaka ya shamba lake, mhandisi aliyestaafu ambaye kila Jumamosi yuko kwenye uwanja mdogo wa Orly kule Kajiado akifuta kioo cha ndege yake. Je, mtu kama huyo, asiyelipwa na yeyote, alazimike kupimwa na daktari aliyeteuliwa na serikali kabla ya kuruka? Au atosheke kusema mwenyewe kwamba yu mzima, kama afanyavyo anapopanda gari lake?

Swali hili lina harufu ya pesa, najua. Saa moja ya kukodi ndege ya mafunzo inaweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa Baba Dogo. Lakini mwenye paa la mabati chini ya njia ya ndege ana haki ya kulijibu, pengine kuliko mwenye ndege. Mwenye ndege alichagua kupanda. Mwenye paa hakuulizwa.

Na anga yetu haijawahi kuwa tupu. Eastleigh, mwendo mfupi kutoka hapa, ndiyo iliyokuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi hadi Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Leo ni kambi ya jeshi la anga, na helikopta zake tunazijua kwa sauti. Upande wa pili wa jiji kuna Wilson, mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi za ndege ndogo barani Afrika. Tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 ilianguka Utawala, ikagonga jengo, na wote wanne waliokuwa ndani wakafa. Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya shirika la afya la AMREF iliyotoka Wilson kwenda Hargeisa iliangukia makazi ya watu Mwihoko, ng'ambo ya Githurai. Walikufa wanne waliokuwa ndani ya ndege na wawili waliokuwa kwao, ardhini.

Mtu akisikia hayo atasema haraka: basi wapimwe wote, tena mara mbili! Ngoja kidogo. Ndege hizo mbili zilikuwa mikononi mwa marubani wa kazi, watu ambao sheria haiwaruhusu kugusa usukani bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile kigumu kuliko vyote. Cheti kilikuwepo, na ndege ilianguka. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa ikielekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walikufa, na Dash 8 ikarudi Wilson salama na abiria wake. Mgongano wa ndege mbili katika anga iliyojaa ni suala la mawasiliano, njia na macho ya kutazama nje. Kipimo cha mkojo hakiligusi.

Tuone basi kipimo chenyewe. Mzizi wake ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1948, kinahusu leseni, na ndicho kinachogawa afya ya watu wa anga kwa madaraja. La kwanza ni la marubani wa kazi, la pili ni la marubani binafsi, la tatu ni la waongozaji wa ndege. Kenya, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, inafuata mpangilio huo. Anayetaka leseni ya rubani binafsi huenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, si kwa daktari yeyote anayemtibu. Kwa viwango vya ICAO cheti cha rubani binafsi kinaweza kudumu miezi 60. Akivuka miaka 40 kinashuka hadi miezi 24, na baada ya miaka 50 shirika linapendekeza kila miezi 12.

Ndani ya chumba cha daktari hakuna maajabu. Unasoma herufi ukutani kwa jicho moja moja. Unafunguliwa kitabu chenye duara za nukta za rangi na kuulizwa unaona tarakimu gani. Asiyetofautisha nyekundu na kijani huikosa. Daktari anasimama nyuma yako, hatua mbili hivi, anasema maneno kwa sauti ya kawaida, nawe unayarudia. Unatoa mkojo, wanatafuta sukari na protini. Unafungwa mkono kupima presha. Ukiwa umepita miaka 40, unabandikwa nyaya kifuani ili mapigo ya moyo yachorwe kwenye karatasi. Halafu inakuja fomu, na hapa ndipo mambo yote yalipo: umewahi kuzimia? Umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Unatumia dawa gani? Kifafa? Kisukari?

Macho yanapimika. Presha inapimika. Majibu ya fomu ni neno lako tu.

Kwa hiyo wale wanaosema cheti rasmi ni afadhali kuliko tamko la mtu mwenyewe wanasahau kwamba nusu ya cheti rasmi nayo ni tamko. Tofauti ni hii: kwenye cheti rasmi, anayetamka anajua kuwa akisema kweli anaweza kunyang'anywa kitu anachokipenda kuliko vingi. Mwekee mtu bei ya namna hiyo juu ya ukweli, kisha umuulize swali. Wachunguzi wa Marekani walilipata jibu miaka ya mwanzo ya 2000. Walipolinganisha majina ya marubani wapatao 40,000 wa kaskazini mwa California na orodha ya wanaolipwa mafao ya hifadhi ya jamii, walikuta zaidi ya 3,000 wana vyeti halali vya afya huku wakipokea mafao, na miongoni mwao walikuwamo waliolipwa kwa sababu ya maradhi mazito. Kwa ofisi moja walikuwa wazima kabisa, kwa ofisi ya pili walikuwa hoi. Kadhaa walishtakiwa.

Na mfano mchungu kuliko wote haukuwa wa rubani wa burudani. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliipeleka ndege kwenye milima ya Alps kusini mwa Ufaransa kwa kukusudia, wakafa watu 150. Alikuwa na cheti cha daraja la kwanza. Alikuwa pia na barua za madaktari zilizomwambia asiende kazini, na aliwaficha waajiri wake. Siku ile cheti kilikuwa mfukoni na ugonjwa ulikuwa kichwani, na havikuwahi kukutana.

Upande wa wanaotetea kipimo una hoja zake, nami sitazidharau. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki kipimo cha lazima ndiyo njia pekee inayowafikisha kwa daktari wakiwa bado wanatembea. Presha ya kupanda haiumi. Kisukari cha ukubwani hukaa mwilini kimya kwa miaka. Mwanamume wa miaka 48 aliyesadiki kwamba ni simba anaweza kugunduliwa moyo wake una kasoro kwa sababu tu alitaka kuhuisha leseni. Hilo si jambo dogo, hata kama halina uhusiano wowote na ndege.

Tena mfumo wenyewe, ukitendewa haki, hautupi watu kwa sababu ya umri. Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyeishi Kenya karibu nusu karne na kuitwa Mama Daktari kuanzia Lamu hadi Turkana, alijifunza urubani akiwa amekwisha kuvuka miaka 40. Alijiunga na madaktari warukao wa AMREF miaka ya 1960, na kwa ndege yake mwenyewe alipeleka chanjo na dawa kwenye viwanja vya mchanga ambavyo wengine wasingevikaribia. Alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 80, na alikuwa bado anaruka alipovuka 70. Hakuna aliyemwambia, bibi, umri umekwenda, shuka. (Alikuwa pia na siri ya kambi ya Ravensbrück, alikofungwa wakati wa vita na alikotuhumiwa kuwatendea wafungwa wenzake ukatili, siri aliyoibeba maisha yake yote. Hakuna daktari wa macho anayeona mambo kama hayo.)

Lakini angalia nani aliandika viwango, na kwa mwili gani machoni. Kwa miaka mingi chuo cha jeshi la anga la Marekani kiliwakataa vijana wenye chembe moja ya urithi wa selimundu, wasio wagonjwa, wanaoibeba tu. Hofu ilikuwa kwamba hewa haba ya juu ingewaangusha. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1981, baada ya mabishano yaliyofika mahakamani. Waliokuwa wakikataliwa karibu wote walikuwa weusi. Kwa msomaji wa Kisumu au Kilifi hiyo si habari ya mbali, kwa sababu kandokando ya ziwa na pwani urithi huo ni wa kawaida mno: ni kinga ya kale dhidi ya malaria kali. Kiwango cha afya huvaa koti jeupe la sayansi hata pale ndani yake mna woga wa watu fulani. Kila mara anapotajwa daktari wa serikali kuwa ndiye mlinzi wetu, mimi hukumbuka 1981.

Kisha kuna jambo ambalo cheti, kwa namna kilivyoundwa, hakiwezi kulijua: siku yenyewe. Daktari alikupima Januari. Mei una malaria, au unatoka kwenye malaria na masikio bado yanavuma. Mbaya kuliko hayo, una mafua. Nani Nairobi akipata mafua huenda kwa daktari wa urubani? Unaingia kemisti yoyote, iwe Baba Dogo au Lavington, unanunua Piriton kwa sarafu zilizobaki mfukoni, unameza, unaendelea na safari zako. Ni kidonge cha manjano, kidogo kama tone, na kila mzazi wa Kenya anajua humlaza mtoto dakika chache baadaye. Mwaka 2014 Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilitoa matokeo ya vipimo vya marubani waliokufa ajalini kati ya 1990 na 2012, wengi wao wa ndege ndogo za binafsi. Katika dawa zenye kudhoofisha akili, iliyoonekana mara nyingi zaidi haikuwa bangi wala kokeni. Ilikuwa diphenhydramine, dawa ya mafua na mzio inayoleta usingizi, ndugu wa Piriton, inayouzwa bila karatasi ya daktari.

Ongeza juu yake urefu wa nchi yetu. Wilson yenyewe iko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari. Ukipaa na kuzunguka Mlima Kenya umeshaingia kwenye hewa haba ambayo ndani yake mtu aliyemeza kidonge cha usingizi, aliyelala saa nne, au aliyekunywa jana usiku, anaanza kutabasamu bila sababu na kukosea hesabu ya mafuta. Anayeweza kuyaona hayo asubuhi hiyo ni mmoja tu, naye ndiye mwenye hamu kubwa ya kuruka.

Nchi nyingine zimekwisha kukubali kwamba rubani mwenyewe ndiye wa kujipima. Uingereza, tangu Agosti 2016, inamruhusu rubani wa ndege ndogo kutangaza mwenyewe kuwa ana afya inayotosha kuendesha gari la kawaida. Akiwa na maradhi yaliyotajwa, ndipo milango mingine inafungwa au anaelekezwa kwa daktari. Marekani ilianza na ndege nyepesi kabisa mwaka 2004, ambapo leseni ya gari ilikubaliwa badala ya cheti cha afya. Tarehe 1 Mei 2017 ikaja BasicMed: rubani anapimwa na daktari wa kawaida kila miaka 4, na kila miaka 2 anafanya somo la afya kwenye intaneti. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ilipochunguza ajali za kundi hilo haikuona tofauti ya maana kati yake na wenye cheti cha zamani. Mbingu hazikuanguka.

Je, tuzichukue sheria hizo zilivyo tuzipachike Kenya? Hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mipaka. Tamko la namna hiyo halikidhi Kiambatisho cha kwanza, hivyo rubani anayetaka kuvuka kwenda Arusha au Zanzibar atahitaji ruhusa ya nchi anayoingia. Kwetu, ambako dakika arobaini za Cessna zinakutoa nje ya nchi, hilo ni kizuizi halisi. Ya pili ni ya daktari wa kawaida. BasicMed hufaa zaidi mtu akiwa na daktari anayemjua miaka nenda rudi, mwenye faili lake. Wangapi kati yetu wanaye? Tunabadilisha kliniki kama matatu. Ukimpa mtu nafasi ya kuchagua daktari yeyote wa kumgongea muhuri, tutarudi pale kibandani: picha, muhuri, tarehe.

Mfumo wa tamko nao una hatari yake, ila napendelea hatari inayoonekana. Mtu aliyeandika kwa mkono wake "sina kifafa, situmii dawa ya usingizi" na akasema uongo, amejifunga mwenyewe mbele ya mahakama na mbele ya bima. Aliyepewa cheti na daktari ana pa kujificha: mimi nilipimwa nikapita.

Halafu kuna abiria. Mwindaji Denys Finch Hatton alipoanguka na ndege yake ya Gipsy Moth huko Voi tarehe 14 Mei 1931, hakufa peke yake. Alikufa pia Kamau, mtumishi wake, aliyekuwa amepanda kwa sababu tajiri alisema panda. Anayejirusha peke yake juu ya mbuga za Kajiado anaweka rehani roho yake, na sioni kwa nini serikali imshike mkono kama mtoto. Anayepakia mke, wanawe, au mfanyakazi asiyeweza kukataa, ameingia kwenye mkataba mwingine. Vivyo hivyo anayepita juu ya Huruma, Korogocho na Baba Dogo, palipojengana hadi hakuna uwazi wa kutua kwa dharura isipokuwa jalala la Dandora lenye kongoti wake, ndege wakubwa ambao wenyewe ni balaa kwa propela.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rubani wa burudani anayeruka peke yake, kwa ndege nyepesi, mchana, ndani ya Kenya na nje ya miji, aachiwe tamko lake na leseni yake ya gari. Akitaka abiria, au akitaka kupita juu ya makazi ya watu, apimwe kwa daraja la pili kama ilivyo leo, na gharama aibebe. Kwa makundi yote mawili, anayejitokeza na kusema ninaumwa asimamishwe kwa muda, si kufutwa, na aelezwe siku hiyo hiyo kwa maandishi ni tiba gani itamrudisha angani. Inawezekana: Marekani ilianza mwaka 1996 kuwakubalia baadhi ya wanaojidunga insulini warudi kuruka kwa masharti ya kupima sukari kabla ya kupaa na wakiwa angani, na marubani hao wakakosa sababu ya kuficha.

Na kama tuna hamu ya kupima watu kwa ajili ya usalama wetu, tushuke kidogo kutoka mawinguni. Dereva wa matatu ya abiria 33 anayeshuka na Baba Dogo Road saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameendesha hadi saa tano usiku, hakuna anayemfuatilia moyo, macho na usingizi kwa kiwango anachofuatiliwa mwenye Cessna ya viti 4. KCAA ina orodha ya madaktari na kalenda ya miezi kwa mtu anayeruka Jumamosi. Huyu wa alfajiri tumemwachia kahawa na miraa.